Swali la Tisa

Zahanati ya Kambi ya Juu,
Kericho.
19 Mei 1996

Dada Chepchumba,

Pokea salamu zangu, umpe na shemeji Jonah na Cheptoo, na mama mkwe wako asisahauliwe. Mimi ni mzima. Nyumbani Soin nao ni wazima. Mama ametuma neno kwamba mahindi yamefika magotini, na ng'ombe mwekundu amezaa, ila amezaa ndume tena, na mama amemnyamazia ndume huyo siku mbili kama mtu aliyetukanwa.

Mimi siko tena kwenye mizani ya majani chai. Tangu mwezi wa nne nimewekwa zahanati kumsaidia Daktari Gichana, aliyekuja kutoka Nairobi kufanya utafiti. Alitaka mtu wa kidato cha nne mwenye mwandiko mzuri. Karani mkuu akamwambia kuna mmoja ambaye huandika hata mambo ambayo hakuna aliyemwuliza. Alikuwa anasema juu ya shajara yangu.

Utafiti wenyewe ni huu. Kuna homa hapa. Inaanza kama mafua ya kawaida: pua, kichwa, viungo, kikohozi. Watu wengi hulala siku tano, ya sita wako shambani. Lakini wachache hugeuka. Kifua kinajaa, pumzi inakuwa fupi, na wanapelekwa hospitali wamebebwa. Wanne wamekufa tangu Aprili. Daktari anataka kujua: kati ya watu wenye homa moja, ni nani ataangushwa, na kwa nini yeye.

Kila anayekuja na homa na kikohozi namjazia fomu ya maswali kumi na manne. Muuguzi wetu, Jerusa, anatia pamba puani, na pamba inaenda Nairobi ndani ya barafu. Baada ya wiki mbili namtafuta mtu huyo naandika: amepona, amelazwa, amekufa.

Sitaweza kuja huko. Daktari amekataza watu wa utafiti kulala nje ya kambi, tusije tukabeba homa kupeleka kwingine. Lakini Pasaka uliniandikia kwamba unakohoa, na barua hiyo inanisumbua. Nimenakili maswali yote kwa mkono. Yajibu unirudishie. Nikijua uko upande gani nitalala vizuri. La tisa ni la wanawake. Jibu tu uendelee.

Ndugu yako,
Weldon


Kijiji cha Msituni,
Londiani.
9 Juni 1996

Weldon,

Chamgei, nakusalimu. Barua yako ilikaa shuleni wiki nzima kwa sababu mwalimu mkuu aliifanya alama ya kitabu. Cheptoo anakusalimu. Jino lake la mbele limeng'oka na sasa anapiga miluzi kanisani. Jonah bado yuko kwenye mashine ya mbao. Viazi vimeoza kwa mvua; tunachimba vidogo kama mayai ya kwale.

Kikohozi cha Pasaka kilikwisha. Maswali yako nimeyajibu nikiwa jikoni, na mama mkwe akiuliza kila mara, "Serikali inataka nini sasa?" Nikamwambia si serikali, ni Weldon. Akasema, "Basi ni mbaya zaidi."

Miaka ishirini na saba. Pumu hapana, kisukari hapana, kifua kikuu hapana. Moyo sijaambiwa una kasoro, ingawa Jonah husema ni mgumu. Sigara hapana. Moshi wa kuni ndiyo, asubuhi na jioni, wewe mwenyewe unalijua jiko langu. Tunaolala chumba kimoja ni watatu. Ukihesabu kondoo wa Cheptoo, wanne. La tisa hapana. Mengine utayaona kwenye karatasi.

Mama alikuja mwezi uliopita akakaa siku tatu. Amekonda kidogo.

Ukipita soko la Kericho ninunulie udongo wa kula, ule mweupe kama chaki. Huku haupatikani. Nina kiungulia.

Dada yako,
Chepchumba


Kambi ya Juu,
23 Juni 1996

Dada,

Salamu kwenu wote, na pole kwa viazi. Nimefurahi kikohozi kimekwisha. Fomu yako nimeiweka kwenye shajara yangu, si kwenye za daktari, kwa hiyo usihofu, Nairobi hawajui habari za kondoo.

Udongo nimempa Phelix, dereva wa lori la maziwa linalokuja Londiani. Nilinunua kwa mama mmoja wa upande wa ziwa anayeitwa Beverly. Aliniuliza, "Bibi yako ako na miezi mingapi?" Nikasema sina bibi, ni wa dada yangu, ana kiungulia. Akanitazama, akaongeza kipande cha bure. "Mpelekee. Hicho kiungulia kitapona chenyewe, wakati wake ukifika." Wenzake wote wakacheka mpaka mmoja akamwaga dagaa. Nimeyaandika maneno hayo kwenye shajara kwa sababu sikuyaelewa.

Na hayo si pekee nisiyoyaelewa. Mpaka leo walioangushwa na homa hii ni thelathini na mmoja. Ukiwatoa wazee na watoto wadogo, ambao daktari aliwatarajia, na wanaume watatu wenye pumu, wanabaki wanawake kumi na wawili, wa miaka kumi na tisa hadi thelathini na nne. Ni wachumaji wenye nguvu. Kabla ya kuugua walikuwa wakileta kilo arobaini kwa siku. Kwenye fomu zao hakuna ugonjwa wowote. Kila mahali ni hapana, hapana, hapana. Daktari anazisoma huku akijikuna shingo.

Nimejaribu kila njia. Nilifikiri ni umande wa asubuhi, lakini waume zao wanalowa vilevile. Nilifikiri ni moshi, lakini majirani wao wanapikia kuni zilezile na hawaangushwi. Nilichora nyumba za wafanyakazi, laini zote, kwenye karatasi nikaweka alama nyekundu. Alama zimetapakaa kama ukurutu.

Kisha nikawauliza, kwa akili yangu mwenyewe, wanakula nini na kunywa nini. Tisa kati ya kumi na wawili waliniambia siku hizi hawanywi chai, harufu yake inawachukiza. Tisa, dada. Wamezaliwa kwenye chai na wamekulia kwenye chai. Nilimpelekea daktari. Alicheka, akasema, "Weldon, ukiandika kwamba asiyekunywa chai atakufa, kampuni itakupandisha cheo." Lakini nilimwona akiandika kwenye daftari lake.

Kunywa chai, tafadhali. Tia tangawizi.

Weldon


Londiani,
14 Julai 1996

Weldon,

Sisi tuko, ila si wazima wote. Udongo ulifika, asante. Phelix aliuleta mwenyewe mpaka mlangoni, na mama mkwe akampa uji. Cheptoo anasoma sasa. Alisoma jina lako nyuma ya bahasha.

Homa yako imefika huku. Ilianza kwa mwalimu wa darasa la pili, wiki iliyofuata nusu ya watoto hawakuja shule. Mzee mmoja karibu na kanisa amekufa, aliyekuwa akirekebisha mizinga ya nyuki. Cheptoo aliugua siku nne, sasa anaruka tena. Jonah alikohoa akaenda kazini hivyohivyo.

Chai sinywi. Usinicheke. Nimeiacha tangu Pasaka, hata kuchemshiwa karibu yangu sitaki. Nafikiri ni maziwa ya huku, ng'ombe wanakula majani ya msituni. Basi uliposema habari ya wale wanawake tisa sikucheka kama daktari wako. Niliogopa, na mimi si mtu wa kuogopa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimkimbia bata mzinga wa mchungaji.

Mama alisema nipumzike. Kuna mambo mengine tutaongea siku ukija, au hatutaongea.

Wewe umeona wagonjwa wengi na unazo karatasi. Niambie basi, kwa hesabu zenu, mimi niko upande gani? Jonah anataka kunipeleka kwa mama Soin, kwenye joto, homa ipite. Nauli ni kitu, na viazi vya pili vinataka kupaliliwa. Nikijua sina hatari nitabaki.

Chepchumba


Kambi ya Juu,
28 Julai 1996

Dada,

Nawasalimu. Nimefurahi Cheptoo amepona. Poleni kwa msiba wa mzee wa mizinga.

Nilichukua swali lako kwa uzito. Jana mchana, Jumamosi, nilikaa na fomu yako na fomu zote za walioangushwa, nikapitia swali moja moja. Umri wako si wa hatari. Walio chini ya miaka miwili na juu ya sitini ndio hasa. Huna pumu, huna kisukari, kifua kikuu hujapata. La tisa umejibu hapana. Daktari alilitilia mkazo swali hilo mwanzoni, akasema vitabu vya Ulaya vinalitaja, lakini kwetu halijaleta kitu: kati ya wanawake wetu walioangushwa hakuna hata mmoja aliyejibu ndiyo, na daktari mwenyewe sasa anafikiri pengine huku mambo ni tofauti. Kinachobaki kwako ni moshi, na hiyo chai, ambayo sijui niifanyeje. Lakini umeniambia sababu yake ni maziwa, na wao hawakuniambia sababu.

Kwa hesabu yangu, wewe huna hatari. Ukishikwa utalala siku tano, ya sita uko kwenye viazi. Nimeandika hivyo kwenye shajara pia, na tarehe. Hakuna haja ya kwenda Soin.

Mimi nimechoka kidogo, si kwa ugonjwa. Ni kuuliza maswali yaleyale na kupata majibu ambayo hayafanani na watu wanaoyajibu.

Weldon


Londiani,
Jumatatu, 12 Agosti 1996

Weldon,

Salamu. Nina homa, leo siku ya tatu. Kifua kinauma nikikohoa, na kulala chali siwezi. Jana Jonah alikuwa amekwisha ongea na mwenye gari anipeleke hospitali. Nikamsomea barua yako, pale uliposema siku tano. Aliisoma na yeye mwenyewe mara mbili, kisha akamwambia mwenye gari aende.

Basi bado siku mbili. Mwandiko umeharibika kwa sababu naandikia magotini.

Ch.


Kambi ya Juu,
Jumamosi, 17 Agosti 1996

Dada,

Salamu nitazileta mwenyewe. Barua hii nampa Phelix leo jioni, kesho asubuhi iwe mlangoni kwako. Mpe Jonah naye asome.

Alhamisi alikufa mchumaji mmoja, Rebeccah, miaka ishirini na nne. Fomu yake niliijaza mimi, tarehe 3 mwezi huu. Mume wake alipokuja kurudisha kadi yake ya kazi alisema, "Nimepoteza wawili." Nilifungua rejista nikatafuta jina la pili. Sikuliona. Nikamwuliza, wa pili ni nani, tumwandike? Jerusa akanivuta nje kwa mkono wa koti.

"Wewe Weldon. Huyo mama alikuwa na mimba ya miezi sita."

"Fomu inasema hapana."

"Fomu inasema hapana kwa sababu ni wewe umeuliza. Mlangoni, foleni yote ikisikia, nyapara wake nyuma yake. Na wewe ni kijana sawa na shemeji yake mdogo. Ulitaka akuambie nini?"

"Si ungeniambia wewe?"

"Mimi natia pamba puani, fomu zako sisomi. Na nilijua una macho."

Macho ninayo, dada. Lakini nilikuwa nikiangalia karatasi, na wao huja wamejifunga leso mbili na apuroni ya plastiki juu yake.

Jana Jerusa aliwaita wale wanawake mmoja mmoja nyuma ya pazia, mimi nikiwa nje kabisa, karibu na tangi la maji. Wanawake walioangushwa sasa ni kumi na saba. Watatu wamekufa. Kati ya kumi na wanne waliobaki, kumi wamesema ndiyo: wengine bado wanayo, wengine waliipoteza wakiwa wodini. Nilimwuliza habari ya chai. Akasema, "Chai haina kosa. Mwanamke akiwa hivyo anaweza kuchukia hata mume wake."

Nilirudi chumbani nikasoma barua zako. Kisha nikafungua shajara nikasoma maneno ya yule mama wa sokoni.

Sikuulizi kitu. Naomba mnitendee haya tu. Barua yangu ya tarehe 28 ichomeni. Ukihisi homa, hata kidogo, usingoje siku ya pili. Nenda hospitali hapo Londiani. Ukifika umwambie muuguzi mwanamke lile ambalo hukuniambia mimi. Usiseme uko sawa. Usiwaambie ndugu yako ni mtu wa utafiti.

Daktari yuko Nairobi mpaka Jumatatu. Akinipa ruhusa asinipe, Jumanne niko njiani.

Weldon


Londiani,
15 Septemba 1996

Weldon,

Chamgei. Jonah mzima. Cheptoo amepata jino jipya, limetoka upande. Mama alirudi Soin juzi baada ya kutuosha na kutulisha sote, na hakusema neno moja la lawama, jambo ambalo unajua lilimgharimu. Mimi natoka nje sasa. Pumzi inapungua nikipanda kutoka mtoni na mtungi, kwa hiyo Jonah anachota. Wenzake wa mashine wanamcheka na yeye anawaacha wacheke.

Phelix alifika na barua yako Jumapili asubuhi. Wakati huo nilikuwa nimekaa, siwezi kulala, midomo imebadilika rangi. Jonah hakumaliza kuisoma. Alinibeba, na lori hilohilo la maziwa ndilo lililonifikisha hospitali, mimi katikati ya madebe.

Ulipokuja ulikaa kwenye benchi siku nne ukinisimulia habari za ndume wa mama na karani aliyeangukia kwenye mizani. Hukuniuliza kitu, na mimi sikusema kitu, ingawa mtoto alikuwa chumba cha pili, amezungushiwa pamba. Nilikuona ukipita dirishani pake ukasimama. Nilishukuru kwamba ulinyamaza. Lakini sasa nataka kusema, na karatasi haina macho.

Alizaliwa Jumatano asubuhi, msichana. Hakulia kwa nguvu, alikuwa kama anasafisha koo. Aliishi mpaka Ijumaa saa nane mchana. Mama mkwe alimtafutia jina kwa wahenga, akalipata, nami sitaliandika hapa.

Jonah ameniambia ulimwomba msamaha pale kwenye bomba la maji. Anasema uliuliza kama ningesema kweli endapo ungeniuliza kwa njia nyingine. Sijui. Kabla ya Cheptoo kulikuwa na wa kwanza. Wewe ulikuwa bweni, hukujua. Habari zake nilizisema kila mahali, kisimani, kanisani, hata kwa mwuza nguo, na kabla ya mwezi kuisha hakuwepo. Nikaapa sitasema tena mpaka waone wenyewe. Pengine hata Jerusa wako, nyuma ya pazia lake, ningemwambia hapana.

Lakini hilo silo linaloniamsha. Nilijua nimekujibu uongo. Niliuandika kwa mkono wangu, moto ukiwaka, mama mkwe akinitazama na akijua. Hata hivyo barua yako ilipofika ikisema sina hatari, niliamini. Niliiweka chini ya mto. Homa ilipoanza niliitoa nikaisoma, nikapata nafuu, kana kwamba imeandikwa juu yangu. Nalipima jambo hili akilini na halikai sawa. Mtu anawezaje kujua kwamba kisima ni kitupu, kisha akashusha ndoo na kufurahi? Usinieleze. Najua utataka kunieleza.

Uliniandikia tena kwamba daktari hajui azifanyeje fomu za zamani, azitupe au azisahihishe, na wewe hulali kwa sababu hiyo. Mambo hayo siyajui. Ninyi amueni.

Mimi nina neno lingine. Kuna Caren, mke wa kijana anayefanya kazi na Jonah. Wameoana mwaka huu. Tangu Alhamisi anakohoa, nasikia kutoka hapa kwangu. Jua likiwaka anavaa sweta ya mumewe, na kuni amekuwa akibeba nusu mzigo. Jana nilimsalimia nikamwuliza hali, akasema ni mafua tu, yataisha. Alisema akiangalia pembeni. Nimesimama mbele ya uso huo, Weldon. Ni wangu.

Sitamwuliza. Jonah ameongea na dereva wa lori la mbao atufikishe hospitali, linatoka saa nane. Naacha kuandika hapa, naenda kumwambia Caren avae viatu.

Dada yako,
Chepchumba